Kutoka Nairobi Asubuhi na Kurudi Jioni: Je, Kangeta Yafikika?

Watu wengi wafanyao kazi Nairobi wana siku moja tu katika juma iliyo yao wenyewe. Siku hiyo ikifika, mmoja hulala hata jua likapanda, mwingine hufua nguo zake, na mwingine husema, "Leo nitatoka mjini nikaione nchi, na jioni nitarudi." Makala haya nayaandika kwa ajili ya hao wa mwisho, na hasa wale ambao nchi watakayo kuiona ndiyo nchi ya wazee wao.

Mimi ni mmoja wao. Mjomba wangu, ndugu wa mama, anakaa Kangeta, katika milima ya Nyambene upande wa kaskazini-mashariki ya mji wa Meru. Kwa muda wa miaka mitatu nilimwambia katika simu, "Mjomba, nitakuja Jumapili moja nikuone, nirudi jioni." Naye kwa miaka mitatu alijibu, "Karibu." Hatimaye nilikwenda, na jinsi nilivyokwenda ndivyo nisivyotaka msomaji aende.

Kwanza tuitazame hesabu yenyewe. Watu hupima safari kwa kilomita, na kipimo hicho huwadanganya. Safari ya siku moja hupimwa kwa jua. Huko Uingereza, mwezi wa Juni, mwanga wa mchana hudumu zaidi ya saa 16, na mtu aweza kula chakula cha jioni kando ya bahari kisha akarudi kwake kungali kweupe. Sisi tunakaa katika mstari wa ikweta. Juni yetu na Desemba yetu ni sawasawa, saa kama 12 za mwanga, na jioni jua likianza kutua halingoji mtu afunge mzigo. Katika hizo 12 toa moja ya asubuhi, ambayo itapotea kituoni ukingoja gari lijae. Toa nyingine moja ya jioni, kwa maana msongamano wa magari ya kuingia Nairobi siku ya Jumapili wajulikana na kila mtu. Zimebaki 10. Mahali pasipokupa muda wa saa tatu za kukaa, baada ya kwenda na kurudi, si mahali pa siku moja. Ukipata chini ya hapo, hukutembea. Umepanda gari tu.

Kwa kipimo hicho, Nairobi imebarikiwa. Mbuga ya wanyama ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946 na kuwa ya kwanza katika Kenya, iko mlangoni kabisa. Vilima vya Ngong vyaweza kupandwa asubuhi na mtu akala chakula cha mchana kwake. Ukifuata barabara ya Magadi, kilomita kama 65, utafika Olorgesailie, ambako Mary Leakey na mumewe Louis walichimba katika miaka ya 1940 wakaonyesha ulimwengu mashoka ya mawe yaliyochongwa na watu wa kale sana. Mashoka hayo yamelala pale pale chini, mamia kwa mamia, nawe watembea juu ya daraja la mbao ukiyatazama. Chukua maji, kwa kuwa bonde lile lina joto kali na maduka ni haba.

Upande wa Naivasha kuna Hell's Gate, mbuga ambamo mtu asiye na gari hukubaliwa kutembea kwa miguu au kwa baisikeli katikati ya pundamilia na twiga. Karibu nayo kuna mlima Longonot, mita 2,776, ambao huwashinda wengi waliojisifu mezani. Na upande wa Thika, kupita mashamba ya mananasi, kuna Ol Donyo Sabuk. Juu ya mteremko wa mlima huo amezikwa William Northrup McMillan, Mmarekani tajiri aliyefariki mwaka 1925, mtu mwenye mwili mkubwa ajabu ambaye wasimulizi husema jeneza lake liliwashinda wachukuzi kulifikisha kileleni. Chini ya mlima, mto Athi huanguka kwa mikondo mingi katika Maporomoko Kumi na Manne. Hapo pia pana safari ya siku moja iliyo kamili, na mtu hurudi nyumbani akiwa na nguvu za kwenda kazini kesho yake.

Sasa Kangeta. Kutoka Nairobi mpaka Meru kwa njia ya Embu ni kilomita kama 225. Kutoka Meru mpaka Kangeta, ukifuata barabara ya Maua, waongeza 40 na kidogo. Kwa hiyo jumla haifiki 280, na mtu akitazama ramani husema, "Saa nne tu." Hivyo ndivyo nilivyosema mimi.

Nilifika kituo cha Tea Room, ambako kwa miaka mingi magari ya upande wa Meru yamepakia abiria, saa 11 na nusu ya alfajiri. Gari lilijaa saa 12 na dakika 40. Mpaka Thika tulikwenda kama maji, kwa kuwa ile barabara kuu ya njia nane, iliyofunguliwa mwaka 2012, asubuhi ya Jumapili huwa tupu. Makutano tukakunja kulia, tukaingia Mwea. Hapo msafiri afungue dirisha hata kama kuna baridi. Mashamba ya mpunga yametandazwa pande zote mbili za njia, maji yakimeta, na korongo weupe wamesimama ndani yake. Mifereji ile ilianza kuchimbwa katika miaka ya 1950 kwa mikono ya watu waliokuwa kizuizini wakati wa hali ya hatari. Leo wajukuu wao wanauza mchele wa pishori kandokando ya njia, na harufu yake huwafanya abiria waanze kuulizana bei kabla gari halijasimama.

Kutoka Embu mambo hubadilika, na hapa ndipo ramani inapomdanganya mtu. Mito yote ya upande huu huzaliwa katika Mlima Kenya na kuteremka mashariki kuutafuta mto Tana. Kila mto umejichimbia bonde lake. Barabara nayo haifuati mito, inaikata. Kwa hiyo gari hushuka bondeni, likavuka daraja, likapanda, likapumua kidogo juu ya mgongo wenye chai au ndizi, kisha likashuka tena. Thuchi, Nithi, Mutonga. Mwenye tumbo jepesi hawezi kuihesabu yote. Kipande cha kutoka Thuchi mpaka Nkubu kilijengwa katika miaka ya 1980, na ni kazi ya kusifiwa, kwa maana kabla yake watu wengi walizunguka kwa Nanyuki. Lakini ni barabara isiyotaka haraka. Tarehe 24 Julai 2022 basi lililotoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia katika bonde la mto Nithi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Halikuwa la kwanza kuanguka mahali pale. Tulipokaribia daraja, mama mmoja aliyekaa mbele yangu alifunga Biblia yake akashika kiti kwa mikono miwili, na dereva wetu, namshukuru, akashika gia ndogo.

Kusini kidogo ya mji wa Meru tulipita kibao kionyeshacho mstari wa ikweta. Tuliingia mjini saa 5 na dakika 50. Nikabadili gari. Hili nalo likangoja lijae. Tukapita Nchiru na Kianjai, nchi ikiwa kavu na wazi kidogo, mbuzi wakila vichaka. Kisha barabara ikaanza kuipanda Nyambene, na mara hewa ikawa baridi, udongo ukawa mwekundu mzito, na miti ya miraa ikaanza. Nilishuka Kangeta saa 7 na robo mchana.

Msomaji aliye mwepesi wa hesabu amekwisha kuona kosa langu. Nilitumia zaidi ya saa sita kwenda. Ili niingie Nairobi kabla ya giza ilinipasa niondoke Kangeta saa 6 mchana, yaani saa moja na robo kabla sijafika.

Mjomba alikuwa amesimama kando ya njia kwa fimbo yake, amevaa koti, naye aliniambia amekuwa hapo tangu saa 4, kwa kuwa nilimwambia saa nne za safari. Tukaenda nyumbani. Shangazi, mkewe, alikuwa amechinja kuku. Nilipokaa tu nikatazama saa, na nilipopewa maji ya kunawa nikatazama tena. Kwa heshima ya wasomaji sitasimulia jinsi nilivyokula. Baada ya dakika 40 nikasema, "Mjomba, naomba ruhusa, nirudi."

Hakusema neno. Akasimama, akanisindikiza mpaka sokoni.

Yapasa nieleze hapa soko la Kangeta, kwa kuwa ndilo moyo wa mji. Mji si mkubwa: maduka ya pande mbili za njia, vibanda, benki, makanisa, na watu wengi kuliko unavyotazamia. Watu hao wanashughulika na kitu kimoja. Miraa huchumwa tangu asubuhi na vijana wanaopanda miti mpaka matawi yasiyofaa kubeba mtu mzima. Vijiti huletwa, huchaguliwa kwa urefu na rangi, hufungwa, kisha hufungwa tena ndani ya majani ya mgomba ili visikauke. Kuna aina nyingi, na moja yao huitwa kangeta, basi jina la mji huu latajwa kila siku na watu wa Mombasa, Garissa na kwingineko ambao hawajui kwamba ni mji.

Ubora wa miraa ni ubichi wake. Ile kemikali imfanyayo mtu akeshe, kathinoni, huanza kupungua mara kijiti kikichumwa, na baada ya siku mbili hivi bunda halina thamani. Kwa sababu hiyo miraa ndiyo mazao pekee niyajuayo ambayo mkulima huuza kwa saa. Gari likichelewa Nairobi, ndege ya kwenda Mogadishu katika uwanja wa Wilson huondoka, na kazi ya mamia ya watu imekuwa majani ya mbuzi. Watu wa Kangeta wanajua vema mlango kufungwa ni nini. Uingereza ilipiga marufuku miraa mwezi wa Juni 2014, na Somalia ilizuia ndege zake toka Machi 2020 hata Julai 2022. Sheria ya Kenya iliitambua miraa kuwa zao la biashara mwaka 2016, lakini sheria haipoozi majani. Kama miraa ni njema au mbaya kwa mlaji, hilo Wameru wenyewe wanabishana, makanisani na barazani, nami leo nimekuja kwa habari ya safari.

Basi pale sokoni pikapu zilikuwa zikipakiwa, mafurushi yamerundikwa hata chemchemi zimelala. Dereva mmoja kijana alinitazama akasema, "Mkubwa, Nairobi? Kuna nafasi moja mbele. Kabla ya saa 12 umefika." Nikafanya hesabu. Njia ile ile iliyotuchukua zaidi ya saa sita, yeye aliahidi kwa tatu na nusu. Nami, nasema kweli, nilishika mlango.

Mjomba akanishika mkono. "Miraa ikichelewa hutupwa," akasema. "Wewe ukichelewa utaoga ulale. Kwa nini mwende mwendo mmoja?"

Kijana yule hakukasirika. Akacheka, akafunga mlango, akaondoka, na sauti ya honi yake tukaisikia mpaka alipopita kona. Kila mtu akaaye kando ya njia kutoka Kangeta mpaka Thika anaijua honi hiyo, na mama huwaita watoto wao ndani wakiisikia. Hata madereva hao hawakulelewa na jiwe; wanalipwa kwa kuwahi, na wakichelewa hukatwa. Wengi wao hawafiki uzee. Nilimtazama mjomba, nikampigia simu mkubwa wangu wa kazi, nikamwambia sitakuwako kesho. Nilikatwa mshahara wa siku moja, nami sikunung'unika.

Usiku ule ndipo nilipofika Kangeta. Ukungu ulishuka kutoka mlimani, shangazi akaongeza kuni, na mzee jirani akaja na blanketi mabegani. Tukasalimiana "Muga," naye akaanza kunisaili: mama yako ni nani, na mama yake je? Alipopata ukoo wangu, akanionyesha kwa mkono, gizani, upande lilikokuwa shamba la babu yangu mzaa mama, lenye miti ya mbaine, yaani miraa ya kale iliyopandwa na wazee ambao hakuna aliye hai aliyewaona. Miti hiyo, akasema, haikatwi ovyo. Bunda la heshima liitwalo ncoolo hufungwa namna ya pekee wakati wa kuposa binti, na mtu akija na bunda la sokoni kwa shughuli ile hujulikana kuwa hakufundishwa.

Kisha akasimulia habari za Mbwaa. Nilikuwa nimeisikia kwa mama nikiwa mtoto, nikaisahau. Wazee wa Meru husema asili yao ni Mbwaa, kisiwa cha pwani, ambako walitawaliwa na watu waitwao Nguo Ntune, yaani Nguo Nyekundu, waliowapa mafumbo yasiyowezekana ili wawaangamize. Kiongozi wao Mugwe akawavusha maji usiku, wakatembea magharibi hata wakauona mlima. Wataalamu wengine hukisia kwamba kisiwa hicho ni Manda, karibu na Lamu. Mzee alisimulia polepole, akinyamaza mahali pa kunyamaza, na ilipita saa 5 ya usiku alipofikisha watu wake kwenye mlima. Habari hiyo haisimuliwi mchana. Mtu arudiye Nairobi jioni hataisikia.

Toka siku ile nimekwenda Kangeta mara nne, na mpango wangu ni huu. Natoka Nairobi Jumamosi kwa gari la kwanza. Siku hiyo yote naitoa kwa njia. Nashuka Embu ninyoshe miguu, na kwa Nithi sina haraka. Nalala Kangeta. Jumapili naondoka mapema asubuhi, nikabadili gari Meru, na kungali mchana mzuri niko Nairobi. Asiyefanya kazi Jumamosi aweza. Anayefanya kazi Jumamosi na angoje sikukuu, au aombe likizo ya siku mbili, au amtumie mzee nauli aje yeye. Lakini asiahidi kwenda na kurudi.

Na aliye na siku tatu atafanya jambo jema zaidi: Kangeta iwe ndiyo mji wake mkuu, na safari za siku moja azianzie hapo. Maua iko karibu, yenye hospitali ya Methodisti iliyohudumia watu wa Igembe tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Chai imepandwa kwenye miteremko ya juu ya Nyambene ambako mvua haikosekani, na mtu akipanda huko asubuhi kabla ya ukungu ataona nyika ya mashariki imetandazwa chini yake kama ngozi.

Huko chini ndiko iliko Mbuga ya Meru, iliyotangazwa mwaka 1966, nayo lango lake la Murera ni mwendo mfupi kwa gari kutoka Maua. Simba Elsa, aliyelelewa na George na Joy Adamson na kujulikana dunia nzima, alifariki mwaka 1961 akazikwa katika nchi hiyo. Humo hutembei kwa miguu, basi afadhali watu watano au sita washirikiane kukodi gari. Waulize mapema habari ya kiingilio, kwa maana fedha taslimu hazipokelewi langoni, na mtu asiye na kitambulisho chake hulipa kama mgeni.

Wakati wa kurudi Meru, pumzika Nchiru. Hapo ipo nyumba ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru. Usiingie kana kwamba ni duka. Uliza kwanza, vua kofia, na ukiambiwa leo haifai, shukuru uende zako. Wanafunzi wa chuo kikuu kilicho jirani watakuonyesha njia.

Chukua sweta, hata kama Nairobi kuna jua, na viatu visivyoogopa tope miezi ya Aprili na Novemba. Usimpelekee mzee sukari tu; mletee gazeti, kwa maana mjomba wangu husoma hata matangazo ya mnada. Na ukifika umpigie simu saa ya kweli utakayofika. Mara ya mwisho nilimwambia saa 8, nikafika saa 7 na nusu, nikamkuta bado hajavaa koti.